Bima ya Afya kwa Watunzaji wa Majumbani Nchini Marekani: Kiini cha Tatizo

Mtunzaji wa majumbani ni mfanyakazi anayemwogesha, kumlisha na kumvisha mzee au mlemavu asiyejiweza. Nchini Marekani kazi hii hufanywa zaidi na wanawake, wengi wao weusi na wahamiaji. Hulinda afya za wengine, ilhali kwa miaka mingi wengi wao wamekosa bima ya afya zao wenyewe. Mkinzano huu haukuletwa na bahati mbaya. Hapana budi tuuchambue kihistoria.

Kwanza, katika nchi ile bima imefungamanishwa na ajira. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ilidhibiti mishahara. Waajiri wakawavutia wafanyakazi kwa bima badala ya nyongeza. Asiye na mwajiri mmoja wa kudumu akabaki nje.

Pili, sheria za kazi zilimbagua. Sheria ya 1938 ya kima cha chini cha mshahara haikuwagusa watumishi wa majumbani. Mwaka 1974 waliingizwa, lakini watunzaji wa wazee wakahesabiwa kuwa watu wa kukaa na mzee tu, wakaachwa. Kanuni ya kuwaingiza walio wengi ilitolewa mwaka 2013.

Tatu, sheria ya afya ya 2010 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote awape bima wanaofanya kazi saa 30 kwa wiki, ama atozwe faini. Tuchukue mtunzaji anayefanya saa 20 kwa kampuni moja na saa 20 kwa nyingine. Jasho lake ni la saa 40, lakini hakuna kampuni inayowajibika kwake. Sheria hiyo ilipanua pia Medicaid, mpango wa serikali wa matibabu kwa maskini. Lakini mwaka 2012 Mahakama Kuu iliyaachia majimbo hiari, na Texas na Florida yakakataa.

Je, ni nani hasa anayemlipa mtunzaji? Kwa sehemu kubwa ni serikali, kupitia Medicaid hiyo hiyo. Kampuni ni mtu wa kati. Kwa hiyo bima haiwezi kupatikana isipohesabiwa ndani ya malipo ya serikali kwa kila saa.

Jimbo la Washington lilifuata njia hiyo. Mwaka 2001 wapiga kura waliunda chombo cha umma cha kuwa mwajiri, watunzaji wakapata wa kujadiliana naye kupitia chama chao. Baadaye uliundwa mfuko wa pamoja wa afya unaochangiwa kwa kila saa ya kazi. Mtunzaji anayefikisha saa 80 kwa mwezi amekuwa akilipa dola 25 tu.

Upungufu upo: asiyefikisha saa hizo, na anayelipwa na familia binafsi, bado yuko nje. Hata hivyo funzo ni wazi. Haki ifuate saa za kazi, siyo jina la mwajiri. Na bila umoja, wafanyakazi waliotawanyika nyumba kwa nyumba hawana sauti.