Sindano isiyo na dawa yaweza kulegeza msuli uliokazana

KWA hamali anayesukuma mkokoteni Likoni, kuli wa makontena Changamwe au fundi cherehani wa Kisauni, maumivu ya shingo, mabega na kiuno ni mambo ya kila siku. Wengi hukimbilia tembe za kutuliza maumivu, ilhali kuzimeza kwa muda mrefu kwaweza kudhuru tumbo na figo. Wengine hupigwa chuku.

Ipo njia nyingine inayotumiwa na wataalamu wa tiba ya viungo: kudunga msuli kwa sindano nyembamba isiyo na dawa yoyote.

Sindano hiyo hulenga fundo, yaani sehemu ndogo ya msuli iliyokazana na kukataa kulegea. Fundo la begani laweza kupeleka maumivu hadi kichwani, mgonjwa akadhani kichwa ndicho kibovu. Mtaalamu hulitafuta kwa vidole, kisha hulidunga. Mara nyingi msuli hushtuka, halafu hulegea.

Dkt Janet Travell, aliyewahi kuwa daktari wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, ndiye aliyeyaeleza mafundo hayo kwa kina, naye aliyadunga dawa ya ganzi. Mnamo 1979, Dkt Karel Lewit wa Czechoslovakia alieleza kuwa sindano tupu nayo hutuliza maumivu. Tiba hii si ile ya Kichina, ambayo hufuata mikondo ya nguvu mwilini. Hii hufuata msuli wenyewe.

Hata hivyo, nafuu yake aghalabu ni ya muda mfupi. Hamali asipofanya mazoezi aliyofundishwa na kurekebisha namna anavyoinua mzigo, maumivu yatarejea.

Hatari nazo zipo. Sindano ikidungwa vibaya karibu na kifua yaweza kutoboa pafu. Anayekosa pumzi baada ya tiba akimbizwe hospitalini. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amjulishe mtaalamu mapema. Nayo sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya mgonjwa na kutupwa baada ya kutumika.

Sheria ya 2014 inawataka wataalamu wa tiba ya viungo nchini Kenya wasajiliwe na baraza lao. Kwa hivyo, kabla ya kulala kitandani kudungwa, mgonjwa aulize mambo mawili: usajili wa mtaalamu, na mafunzo aliyopata ya sindano hiyo.