Mwenzetu Asiyesikia

Leo twataka kusema juu ya mwenzetu kiziwi anayeketi nasi darasani, awe mwalimu mwenzetu katika semina, au mwanachuo mwenzetu hapa Nakuru au kule Njoro.

Sisi wa Nakuru hatuwezi kusema kwamba viziwi ni wageni kwetu. Shule ya viziwi ya Ngala iko papa hapa mjini, na watoto wake hukua. Wengine hutaka kusoma zaidi, wengine kufundisha. Profesa Michael Ndurumo, Mkenya aliyepoteza kusikia utotoni, alisoma hata akapata shahada ya udaktari huko Marekani, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Basi shida si akili. Shida ni namna tunavyozungumza.

Wengi hudhani kiziwi atatazama midomo yetu na kuelewa yote. Jaribuni wenyewe mbele ya kioo. Semeni bila sauti: baba, mama, papa. Midomo yafanya jambo lile lile mara tatu! Na mwalimu akigeukia ubao huku akiendelea kusema, hata hayo machache yamepotea.

Kumwandikia kwafaa, lakini hakutoshi. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake. Si Kiswahili wala Kiingereza kilichotiwa mikononi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 120, imeiweka kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na hizo mbili.

Mkalimani akiwapo, asimame karibu na msemaji, penye mwanga, wala si mbele ya dirisha. Maneno humfikia mwenzetu yamechelewa kidogo. Kwa hiyo mwenyekiti akiuliza, "Kuna swali?" na papo hapo akafunga mkutano, mwenzetu hakupewa nafasi. Ahesabu kwanza hadi kumi. Watu waseme mmoja mmoja, kila mtu akiinua mkono ili ajulikane ni nani anayesema. Tena tumtazame yeye tunapozungumza naye. Kumwambia mkalimani, "Mwulize kama anaelewa," ni kumfanya mtu mzima kuwa mtoto.

Hayo ya darasani ni mepesi. Penye uzito ni wakati wa chai. Mkalimani naye amekwenda kunywa chai yake. Watu wanacheka, mwenzetu anauliza kuna nini, anajibiwa, "Nitakueleza baadaye." Hiyo baadaye haifiki. Nako kwenye chai ndiko zamu hubadilishwa, ndiko habari za nafasi za kazi husikika, ndiko urafiki huanza. Mtu aweza kufanya kazi mahali miaka kumi, akaitwa mwenye kujitenga, kumbe ametengwa.

Katika Luka sura ya kwanza, jirani za Zakaria walikuwa wamekwisha kuchagua jina la mtoto. Wangeweza kuendelea bila yeye. Lakini walimwashiria, wakangoja mpaka aletewe kibao aandike, na neno lake ndilo lililosimama.

Basi tukamwombe mwenzetu atufundishe ishara chache kila juma: salamu, majina yetu, chai, kesho, nani amesema. Tukikosea, huenda atacheka. Kisha atatuonyesha tena, polepole.