Kitu kipya katika biashara yako: Kimekuongezea shilingi ngapi?

MIPAKANI hakukosekani jambo jipya. Huyu ameacha kuuza dagaa kwa gunia na sasa anafunga pakiti ndogo, yule anapokea oda kwa WhatsApp, mwingine ametupa daftari na kununua programu ya hesabu. Waulize kama ubunifu huo umewalipa, watakwambia mambo yanakwenda. Yanakwenda kwa kiasi gani, na yangekwendaje kama wasingeuanzisha? Hapo ndipo wengi hunyamaza.

Swali hilo huzitoa jasho hata kampuni kubwa. Mfano wa karibu ni huduma ambayo wafanyabiashara wengi wa Namanga, Holili na Sirari wanayo mfukoni: M-Pesa.

Safaricom iliizindua nchini Kenya Machi 2007, na katika taarifa zake za mwaka huyatenga mapato ya M-Pesa na yale ya simu. Ndiyo maana jibu linapatikana. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, M-Pesa iliingiza Sh139.9 bilioni za Kenya, zaidi ya asilimia 40 ya mapato ya huduma za kampuni hiyo nchini humo. Kupiga simu, biashara iliyoizaa kampuni yenyewe, kuliingiza takriban Sh80 bilioni.

Hata hivyo, tarakimu hiyo haisemi yote. Mteja anayenunua muda wa maongezi kwa M-Pesa hapiti kwa muuzaji wa vocha, hivyo kamisheni ya muuzaji huyo inabaki kwenye kampuni. Tena mwenye fedha kwenye laini hahami mtandao ovyo. Faida hizo zinaonekana kwenye hesabu za simu, ilhali aliyezileta ni M-Pesa.

Muda nao hudanganya. Machi 2020, Uviko-19 ilipoingia, ada ya kumtumia mtu kiasi kisichozidi Sh1,000 iliondolewa hadi mwisho wa mwaka huo. Mapato ya M-Pesa yakashuka kutoka Sh84.4 bilioni hadi takriban Sh82.6 bilioni katika mwaka ulioishia Machi 2021. Aliyepima kwa mwaka huo pekee angeweza kusema huduma imechoka. Mwaka uliofuata ada zilikuwa zimerudi, na watu walikuwa wamezoea kulipa kwa simu hata vitu vidogo. Mapato yakaruka hadi Sh107.7 bilioni.

Sasa tazama Afrika Kusini. Vodacom iliipeleka M-Pesa huko mwaka 2010 ikilenga wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Waliojisajili walifika kama milioni moja, idadi ambayo ingependeza sana kwenye bango. Walioitumia kweli walikuwa takriban 76,000. Juni 2016 ikafungwa. Watu wengi wa huko tayari walikuwa na akaunti za benki na kadi, kwa hiyo huduma ilikuja na dawa ya ugonjwa ambao hawakuwa nao. Kosa la kuhesabu waliojisajili badala ya wanaotumia ndilo analofanya mwenye duka anayejisifu kwa wafuasi 5,000 mtandaoni wakati wanaonunua ni 30.

Kampuni ya 3M ya Marekani kwa miaka mingi imetumia kipimo chepesi: katika kila mauzo ya 100, ni kiasi gani kimetokana na bidhaa zilizoingia sokoni ndani ya miaka mitano? Ni kipimo kizuri, lakini kina mwanya. Bidhaa ya zamani ikibadilishiwa lebo inaweza kuhesabiwa mpya. Na mauzo, kama kila mchuuzi ajuavyo, si faida.

Turudi kwenye dagaa. Tuseme mfanyabiashara anayenunua Mwaloni Kirumba, Mwanza, alikuwa akiuza magunia 20 kwa mwezi, kila gunia likimwachia Sh15,000 za Tanzania. Hiyo ni Sh300,000. Anaanza pakiti, na akitoa bei ya dagaa pekee, zinamwachia Sh320,000. Anadhani amepata faida mara mbili.

Lakini wateja wake saba wa magunia wamehamia kwenye pakiti. Magunia yamebaki 13, yaani Sh195,000. Vifungashio vinakula Sh70,000, vibarua Sh60,000. Mashine ya kuziba pakiti aliinunua Sh600,000. Ukiigawa kwa miezi 24, ni Sh25,000 kila mwezi. Pakiti zinabakiza Sh165,000. Jumlisha na za magunia, anapata Sh360,000. Kilichoongezwa na ubunifu wake ni Sh60,000, si Sh320,000.

Si haba, lakini ni hesabu nyingine kabisa, hasa kama alikuwa karibu kukopa ili anunue mashine ya pili.

Kuna mtego mwingine ambao dagaa wenyewe huuleta. Huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka huadimika, bei ikapanda. Anayelinganisha wiki ya giza kabla ya pakiti na wiki ya mbalamwezi baada yake anapima mwezi wa angani. Alinganishe giza na giza, na ikiwezekana msimu huohuo wa mwaka uliopita. Na kama mnunuzi wake ni Mkongomani anayelipa kwa dola, faida iliyoletwa na kupanda kwa dola aiandike kwenye ukurasa wake peke yake. Pakiti haikuileta, na dola ikishuka, pakiti haitairudisha.