Ukali wa Mbwa: Ni Mbegu au ni Malezi?

Katika vijiji vya njia ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, watu wengi wanafuga mbwa. Huku Kanyaruchinya mbwa wanalala juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, na usiku wanalinda mbuzi na kuku. Kwenye machimbo, na kwenye nyumba za wenye mali ya madini, kuna mbwa wakubwa wa mbegu ya Ulaya nyuma ya ua. Watu wakiwaona wanaogopa, wanasema: «Mbegu ile ni mbaya tangu tumboni mwa mama yake.» Lakini mtu akiumwa na mbwa mdogo wa jirani, anacheka, anatia majivu katika kidonda, anarudi shambani.

Mawazo haya mawili yana hatari. La kwanza linatufanya tumwogope mbwa asiye na kosa. La pili linaweza kumwua mtoto wako. Basi tuyaangalie vizuri.

1. Mbegu ya mbwa ni kitu gani?

Ninyi wakulima mnajua kazi ya kuchagua mbegu. Mtu akichagua kila mwaka maharage makubwa na kuyapanda, baada ya miaka mingi shamba lake litazaa maharage makubwa. Wafugaji wa mbwa walifanya vilevile. Aliyetaka mbwa wa mbio alizalisha wenye mbio. Aliyetaka mbwa wa kunusa alizalisha wenye pua kali.

Yule mbwa mkubwa mwenye masikio ya kusimama, ambaye watu wanamwita mbwa wa polisi, mbegu yake ilianza kuandikwa kitabuni huko Ujerumani mwaka 1899. Kazi ya wazee wake ilikuwa kuchunga kondoo.

Na sisi tunayo mbegu yetu. Katika misitu ya Kongo kuna mbwa mdogo wa kuwinda, mwenye mkia uliojikunja, ambaye habweki kama mbwa wengine. Wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi. Wazungu wanamwita Basenji. Mwaka 1937 mwanamke Mwingereza, Olivia Burn, aliwaonyesha mbwa hao huko Uingereza, na leo wanafugwa katika nchi nyingi.

Basi mbegu inampa mbwa ukubwa wa mwili, nguvu za taya, pua, na hamu ya kufukuza au ya kulinda. Je, inampa na ubaya wa moyo? Hapo ndipo wataalamu wanabishana.

2. Wataalamu wanasema nini?

Wengine wanasema: Ndiyo, ziko mbegu za hatari. Uingereza iliweka sheria mwaka 1991 ya kukataza mbegu nne, na moja ni mbwa anayeitwa pit bull, ambaye wazee wake walizalishwa kwa kupiganishwa. Watu waliendelea kuumwa, na wengine kufa, kwa sababu ya mbwa mwingine mkubwa anayeitwa XL Bully. Tangu tarehe 1 Februari 2024, huko England na Wales, huwezi kumfuga huyo bila kibali.

Wengine wanasema: Hapana. Uholanzi nayo ilimkataza pit bull mwaka 1993. Lakini mwaka 2008 iliamua kuiondoa sheria hiyo, kwa sababu waliona kwamba haikupunguza watu wanaoumwa. Tena mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitoa habari za mbwa zaidi ya 18,000. Walilinganisha mbegu zao na tabia zao. Wakaona kwamba tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa, mbegu inaeleza sehemu 9 tu katika 100. Zilizobaki zatoka mahali pengine.

Pande zote mbili zina neno la kweli. Mbwa mkubwa akiuma, jeraha ni kubwa. Anaweza kumwua mtoto kwa meno tu. Kwa hiyo mwenye mbwa mkubwa ana mzigo mkubwa kuliko mwenye mbwa mdogo. Lakini huwezi kutazama mbegu peke yake ukajua ni mbwa gani atakayeuma kesho.

3. Mfano wa Rumangabo

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushuhuda. Mwaka 2011 huko Rumangabo, katika njia yetu hii, Hifadhi ya Virunga ilianza kazi ya mbwa wa kunusa, kwa msaada wa daktari wa Uswisi, Marlene Zähner. Walileta mbwa wakubwa wenye masikio marefu ya kuning'inia. Wafaransa wanamwita mbwa wa Saint-Hubert, jina la monasteri moja ya Ubelgiji. Waingereza wanamwita kwa jina lenye maana ya «mbwa wa damu». Ukisikia jina hilo utakimbia. Lakini mbwa huyo kwa tabia ni mpole. Kazi yake ni kufuata harufu ya mtu, kama mwindaji haramu aliyeua mnyama, au mtu aliyepotea.

Walinzi waliofanya kazi nao walikuwa wenyeji wa Kongo. Waliwalisha, waliwasafisha, waliwafundisha kila siku. Wazee wetu wanasema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mbwa ni hivyo.

4. Mambo yanayomfanya mbwa kuwa mkali

Mbwa yeyote, wa Ulaya au wa kijiji, anaweza kuuma kwa sababu hizi:

Kwanza: Amefungwa mnyororo mfupi usiku na mchana, hajui watu.
Pili: Anapigwa, au ana njaa.
Tatu: Ana watoto, au anakula, au ameamshwa usingizini kwa ghafula.
Nne: Watoto wanamtupia mawe na kumvuta mkia.
Tano: Hana mwenyewe. Watu wakikimbia vita, mbwa wanabaki nyuma. Wanazunguka wakitafuta chakula, na hakuna wa kuwazuia.
Sita: Ni mgonjwa.

Katika sababu hizi sita, sababu ya sita ndiyo mbaya kuliko zote.

5. Kichaa cha mbwa hakichagui mbegu

Ugonjwa huu umo katika mate ya mbwa. Akiuma, au akilamba kidonda, unaingia katika mwili na kufuata mishipa ya fahamu mpaka ubongo. Safari hiyo mara nyingi inachukua miezi miwili au mitatu. Katika muda huo mtu ni mzima, kidonda kimepona, amesahau. Halafu homa inakuja, anashindwa kunywa maji, anaogopa hata kuyaona. Akifika hapo, karibu hakuna anayepona. Wataalamu wanakadiria kwamba watu 59,000 hivi wanakufa hivyo kila mwaka duniani, wengi katika Asia na Afrika, na karibu wote waliupata kwa mbwa.

Basi fahamuni: mbwa mkubwa wa machimboni aliyechanjwa, akikuuma, atakupa jeraha. Mbwa mdogo wa jirani asiyechanjwa, akikukwaruza kidogo kwa jino, anaweza kukupa mauti.

6. Mkiumwa fanyeni hivi

a) Osheni kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, kwa dakika 15 nzima. Maji huku kwetu ni ya taabu, lakini siku hiyo msiyahurumie.
b) Msitie majivu, wala mafuta, wala dawa ya majani. Msikifunge kwa nguvu.
c) Nendeni siku ileile kwa dispensari au hospitali kuomba sindano za kichaa cha mbwa. Ni zaidi ya moja. Msiache kabla hazijaisha. Louis Pasteur alizijaribu mara ya kwanza mwaka 1885 kwa mtoto wa miaka 9, akapona. Kidonda cha usoni, kichwani au mikononi kina haraka zaidi.
d) Msimwue mbwa kwa hasira ikiwa mnaweza kumfungia mahali salama. Mtazameni siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na ugonjwa huo katika mate siku ile alipouma. Lakini msingoje siku hizo ndipo mwende hospitali. Mbwa akionyesha kichaa, msimguse.

7. Kazi ya mwenye mbwa

Mpeleke mbwa kwa chanjo akifika miezi mitatu, halafu kila mwaka. Katika kijiji, mbwa 70 katika 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Kuua mbwa ovyo hakuumalizi, kwa sababu wengine huja kushika mahali pao. Mlishe mbwa wako, mpe maji. Mwenye mbwa mkubwa ajenge ua wa mawe bila tundu, na mlango unaofungwa. Wafundisheni watoto wasimkimbie mbwa, bali wasimame kimya.

Kumbukeni maneno haya: mkimwona mbwa, msiulize kwanza mbegu yake. Ulizeni: Amechanjwa? Mwenyewe ni nani, na anamtunza namna gani?