Kuweka Fedha Katika Simu

Mvuvi wa kisiwa cha Chisenga, katika Ziwa Mweru, akisha kuuza samaki wake Nchelenge, hana haja ya kurudi mashuani na kwacha zote mfukoni. Humwendea wakala wa Airtel au MTN kibandani, akatoa noti na kutaja namba yake ya simu. Wakala huzipokea, kisha hutoa kiasi kile kile katika akiba yake mwenyewe ya simu na kumpelekea.

Yafaa kukumbuka mambo mawili: usiondoke kabla ujumbe haujaingia, wala usimtajie mtu namba ya siri, kwani kuweka fedha hakuihitaji.

Mashua ikipinduka, noti hupotea majini. Lakini simu ikizama, fedha haizami: hesabu yake hutunzwa na kampuni, nawe utaipata tena kwa laini mpya yenye namba ile ile.