Chupa Tupu Chini ya Mikarafuu

Wanachama wetu, tumeona kuwa kila msimu wa uchumaji chupa za maji na soda hutapakaa mashambani, na wengine huzichoma. Twaomba zisichomwe. Moshi wake ni mbaya kwa kifua, na karafuu zilizoanikwa karibu zaweza kuingia harufu. Tena chupa hizo zina kazi nyingine.

Nyingi ni za plastiki iitwayo PET, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941. Chini yake pana nambari 1 ndani ya pembetatu. Kiwandani huchaguliwa, hukatwa vipande na kuoshwa. Vipande vikitiwa majini huzama, na vya vifuniko huelea, kwani ni plastiki ya namna nyingine, ndivyo vinavyotenganishwa. Kisha hukaushwa sana. Unyevu kidogo ukibaki, plastiki ikiyeyushwa kwa joto la karibu digrii 260 hupoteza nguvu. Sisi wa karafuu twajua hasara ya kufunga gunia kabla mali haijakauka. Mwisho hufanywa nyuzi za nguo na mazulia, kanda za kufungia mizigo, au chupa mpya.

Lakini chupa iliyotiwa mafuta ya taa au dawa ya wadudu hunywa harufu yake, na yaweza kuharibu zilizo safi.

Basi kila mwanachama aweke gunia shambani. Chupa zimwagwe maji, zisuuzwe, na zile za mafuta na dawa ziwekwe mbali. Zikiwa safi, mnunuzi wa chakavu hatakuwa na sababu ya kuzikataa.