Mafuta ya Ini, Sukari ya Asubuhi

Mtu akipimwa asubuhi kabla ya kula na sukari ikasoma 6.3 mmol/L, bado hana kisukari. Lakini kumwambia "iko juu kidogo, punguza sukari kwenye chai" na kumruhusu aende ni kumnyima habari kubwa. Insulini anayo, pengine tele kuliko kawaida, ila mara nyingi ini lake limejaa mafuta na kuwa sugu, haliitii. Usiku kucha, akiwa amelala, ini linazidi kumwaga sukari kwenye damu. Kongosho nalo linaongeza insulini, na insulini ikizidi, ini hugeuza wanga wa ziada kuwa mafuta mengine.

Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alijaribu kulivunja duara hilo kwa kupunguza chakula. Mwaka 2011 yeye na wenzake walitoa matokeo ya watu 11 waliokuwa tayari na kisukari cha aina ya pili. Kwa wiki 8 walipata takriban kalori 600 tu kwa siku, kutoka kwenye vinywaji vya lishe na mboga zisizo na wanga. Ndani ya wiki moja sukari yao ya asubuhi ilishuka kutoka wastani wa 9.2 hadi 5.9. Wiki moja! Vitambi bado walikuwa navyo. Mafuta ya ini ndiyo yaliyotangulia kuyeyuka.

Aliye hatarini tu hahitaji ukali huo. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa 2002 uliwafuatilia watu 3,234 wa namna hiyo. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, waliugua kwa asilimia 58 pungufu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliomeza dawa ya metformini, asilimia 31. Kwa mwenye kilo 85, asilimia 7 ni kilo 6 hivi.

Ndiyo maana natamani kliniki zetu ziulize habari za sahani, si kikombe cha chai peke yake. Ugali ushuke hadi robo ya sahani, maharage au samaki robo, na nusu nzima iwe mchicha au kabichi isiyoogelea kwenye mafuta. Na soda iachwe.

Ila anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi asipunguze chakula ghafla kabla daktari hajarekebisha dozi. Sukari inaweza kuporomoka akazimia.